Gari la mtumba kutoka Japani: taarifa ya hitilafu ya injini itanifikiaje Dodoma?

Mwuliza swali, Nkuhungu
Ndugu zangu, nina gari la mwaka 2012 lililoletwa kutoka Japani likiwa limetumika, nami ni mmiliki wa tatu hapa nchini. Juzi nikirudi kutoka Kondoa injini ilianza kugonga, na fundi akaniambia kwamba toleo hilo liliwahi kuitwa na kiwanda, yaani wenye magari hayo watakiwe kuyarudisha yarekebishwe. Kama ni kweli, mbona sikuarifiwa? Nami nisiyejua ufundi ningejuaje?

Fundi wa Kizota
Pole sana, ndugu. Usiliendeshe kabla ya kupima oili. Kiwanda humwandikia mmiliki aliyesajiliwa kule gari lilikouzwa likiwa jipya. Likishafutiwa usajili wa Japani na kupakiwa melini, barua haina pa kwenda. Kwa mfano, Novemba 2018 Subaru iliita takribani magari 400,000 duniani, yakiwemo ya Forester na Impreza, kwa kuwa springi za valvu (vilango vya hewa na moshi ndani ya injini) zingeweza kukatika na injini ikazimika njiani. Hata hivyo mwaka wa gari peke yake si ushahidi, maana injini hugonga pia kwa kukosa oili tu. Chukua namba ya chesisi, si ile ya kibao cha usajili, uiingize kwenye tovuti ya kiwanda ya Japani. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu itakutafsiria, nawe utaona kama kuna kazi ambayo haijafanyika.

Dereva wa Singida
Naafikiana na fundi, ila lawama zisimwangukie dereva. Mwaka 2015 Hyundai iliita magari 470,000 ya Sonata nchini Marekani, kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kiwandani yaliweza kuzuia oili kufika kwenye beringi, yaani vyuma vinavyoshikilia mhimili wa injini unapozunguka; na mwaka 2020 Hyundai na Kia zilifikia makubaliano ya adhabu yenye jumla ya dola milioni 210, kwa kuchelewa kuita magari yenye injini hizo. Kama wahandisi walichelewa, wewe hudaiwi kutaja jina la kifaa. Andika tu mlio ulianza lini, injini ikiwa moto au baridi, unaongezeka ukikanyaga mafuta au la, na oili inapungua kiasi gani kati ya sevisi na sevisi. Maelezo hayo humfaa fundi kuliko kumwambia "gari linasumbua".

Mwuliza swali
Ahsanteni. Nimechomoa kijiti cha oili, kimelowa nchani tu. Gari nimeliegesha, na namba ya chesisi nimeinakili.