Tupeane uzoefu: kufunga raba za milango na vioo, na mikanda ya nikeli ya kung'aa, kwenye gari za zamani

Kobe wa Kibokoni
Assalam aleikum wadau. Wengi wetu tukirudisha gari za zamani hapa Mombasa, nguvu zote zaishia kwenye injini na rangi, raba zafungwa haraka haraka siku ya mwisho. Masika yakiingia, zulia chepechepe na sakafu yaanza kutu. Tupeane uzoefu: gari gani, ulifunga vipi, sasa ikoje?

Naanza. Yangu ni Volkswagen Beetle, ambayo raba ya mlango hubandikwa kwa gundi kwenye mlango wenyewe. Nilikwangua gundi ya zamani yote, nikapiga msasa penye kutu, praima, kisha rangi. Raba sikuivuta hata kidogo. Ukiivuta ndio ifike, baadaye hujirudi na kuacha mwanya. Niliisukuma kwa dole gumba, nikianzia kwenye kona. Mlango ukawa mgumu kufunga. Fundi akashika wembe aipunguze, nikamzuia; tukalegeza komeo la kwenye nguzo (pale kufuli la mlango linaposhika), tukalisogeza nje kidogo mpaka raba ilipolala.

Binti Tudor
Kwetu kuna Peugeot 404 ya baba, aliyoipenda tangu enzi 404 ziliposhinda Safari Rally 1966, 1967 na 1968. Kioo cha mbele tulikifunga mimi na yeye. Raba yavishwa kioo kwanza, kisha kamba nyembamba ya nailoni yapitishwa kwenye mfereji wa raba kuzunguka kote, ncha zipishane chini katikati. Ukingo wa bati tukaupaka maji ya sabuni. Baba nje akikisukuma kioo kwa viganja, mimi ndani navuta kamba polepole, na mdomo wa raba unaruka ukingo kidogo kidogo. Kamba ikigoma usilazimishe, raba itachanika. Ongeza sabuni, wa nje apige kiganja pale pale.

Kobe wa Kibokoni
Maashallah dada. Wenye Beetle zenye mkanda wa kung'aa ndani ya raba ya kioo: uingizeni kioo kikiwa bado mezani.

Fundi wa Changamwe
Mikanda ya ubavuni, tazameni klipu zinazoishikilia. Kwa chumvi hii ya bahari ndizo zinazoanza kutu, na kutu hutambaa chini ya rangi mpya. Kila tundu nalipaka rangi, kisha nta ya kuzuia kutu, ndipo klipu iingie.

Na kuna hili linaloniuma sana. Maji huingia ndani ya mlango pale kioo kinaposhuka, hakuna raba inayozuia yote. Yanatokea kwenye vitundu vya chini. Watu wanaviziba kwa silikoni wakidhani wanazuia uvujaji, mlango unaoza kutoka ndani! Vizibueni kwa waya. Ile karatasi ya nailoni nyuma ya kava la mlango nayo irudi nzima. Zulia likilowa, mara nyingi chanzo ni hapo.

Mgeni wa Mtwapa
Raba zapakwa nini zisikauke? Jirani yangu hutumia oili chafu.

Fundi wa Changamwe
Oili hapana kabisa, huvimbisha raba. Gliserini au spreyi ya silikoni, kidogo tu kwa kitambaa. Kisha fungia karatasi mlangoni uivute. Ikitoka bila kukaza, maji yatapita hapo. Zunguka mlango mzima, weka alama kwa chaki.

Binti Tudor
Nimejaribu sasa hivi. Mlango wa dereva, juu karatasi inateleza, chini imekaza. Komeo ama bawaba, fundi?

Fundi wa Changamwe
Anza na bawaba, mwanangu. Komeo liache kwanza.