Nimetemwa Marekani, mrushaji wa besiboli wa mkono wa kushoto, miaka 27: niende Mexico au nirudi chuo?

Mashoto_wa_Texas:
Wakuu, habari za leo. Naombeni ushauri, maana usingizi umeniisha.

Mimi ni Mtanzania, nililetwa Marekani na wazazi nikiwa mdogo. Nacheza besiboli ya kulipwa. Ni mrushaji, yule anayeingizwa katikati ya mechi aliyeanza akichoka, na natumia mkono wa kushoto. Mwaka 2020 korona ilifanya raundi za kuchagua wachezaji zipunguzwe hadi 5. Sikuchaguliwa, nikasaini nikiwa huru, kwa dau ambalo sheria ilikataza lizidi dola 20,000. Mwaka huo huo msimu wa ligi ndogo zote, zile zilizo chini ya Ligi Kuu, ukafutwa. Nikaanza 2021 kule chini kabisa, nikapanda taratibu hadi Triple-A, ambako ukipandishwa tena unakuwa Ligi Kuu. Nikashushwa. Nikapandishwa tena. Wiki iliyopita meneja kaniita ofisini, kafunga mlango, nikajua. Nimetemwa.

Timu moja ya Mexico inanitaka sasa hivi. Mke wangu anasema nirudi nikamalizie digrii, nimebakiza mwaka. Mnanishauri nini?

Babu_Kimara:
Kijana wangu, msikilize mkeo. Mdogo wangu alicheza soka daraja la kwanza, mtaa mzima ulikuwa unamuimba. Goti likaachia, klabu haikutuma hata mtu wa kumpa pole hospitalini. Leo anauza vipuri vya pikipiki Mbagala. Mpira ulimpa jina, kiwanja haukumpa. Rudi shule.

Mwana_Jangwani:
Mashoto, njoo Jangwani bwana! Msimu mzima tunalilia beki wa kushoto.

Dada_Nesi_Minnesota:
Nimesoma mara mbili, sijaona umetemwa kwa nini. Kaka zangu wanafuatilia huo mchezo, najua warushaji wa kushoto wanavyogombewa. Mwenye miaka 27 anayerusha vizuri haachwi katikati ya msimu. Kasi yako mwaka jana ilikuwa ngapi, na sasa ni ngapi?

Mashoto_wa_Texas:
Dada, ni sheria ndiyo imeniua. Tangu 2020 mrushaji akiingia lazima akabiliane na wapigaji watatu, au zamu ya wapinzani kupiga iishe. Zamani mashoto aliingizwa kumzima mpigaji mmoja tu, mashoto mwenzake, kisha anaenda kuoga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Sasa baada ya huyo mmoja wanakuja wa mkono wa kulia wawili, na hao wananiadhibu.

Mswahili_Houston:
Sheria ipo kweli, na imefuta mkate wa wengi. Jesse Orosco, mashoto, aliingia uwanjani mara 1,252 na rekodi yake haijavunjwa mpaka leo. Msimu wake wa mwisho ulikuwa 2003, akiwa na miaka 46. Kwa sheria ya sasa mtu wa namna ile hawezi kudumu hivyo.

Lakini mkuu, wewe umeanza 2021. Sheria uliikuta, na ukapanda nayo hadi Triple-A. Haiwezi kuwa ndiyo iliyokutema mwaka huu. Mjibu dada.

Mashoto_wa_Texas:
Sawa. Ilikuwa maili 94 kwa saa, sasa naambulia 89. Kiwiko kinauma tangu msimu uliopita. Vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Asubuhi nikishika kikombe cha chai, vile vitatu vinaungua na hivyo viwili havina habari. Nameza vidonge kabla ya mechi. Timu sikuwaambia. Siku ya kutemwa nilipewa fomu inayouliza kama nina maumivu popote, nikajaza hapana.

Kabla hamjanirukia: nani anamsajili mashoto wa miaka 27 mwenye kiwiko kibovu? Ningesema, ningekuwa nimejifukuza mwenyewe. Tiketi ya Mexico nimeshakata.

Babu_Kimara:
Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kutafuta wa kukuitikia. Umesaini uongo, kijana.

Dada_Nesi_Minnesota:
Babu, mwache kwanza. Mashoto, ganzi ya vidole hivyo ni ya neva inayopita nyuma ya kiwiko, na mrushaji akiwa nayo huku kasi inashuka, kano ya ndani ya kiwiko lazima iangaliwe. Sijakupima, sisemi imekatika. Kapige MRI.

Na ikiwa imekatika, huo si msiba. Wa kwanza kufanyiwa upasuaji ule alikuwa mashoto kama wewe, Tommy John, 1974. Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wake wa kulia akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto. Mwaka 1975 hakucheza mechi hata moja ya Ligi Kuu, 1976 akarudi, na baada ya hapo alishinda mechi 164. Ila kupona ni mwaka na zaidi. Vidonge haviungi kano.

Mswahili_Houston:
Ongeza Rich Hill. Mashoto, alikuwa anaingia katikati ya mechi kama wewe, akapasuliwa kiwiko hicho hicho 2011. Mwaka 2015 alikuwa ameangukia ligi huru, isiyo chini ya Ligi Kuu, kule Long Island, ana miaka 35. Mwisho wa 2016 Dodgers, timu ya Ligi Kuu, wakampa miaka mitatu kwa dola milioni 48. Mashoto haokotwi jalalani bure, lakini alitibiwa kwanza.

Mpekuzi_Namba1:
Jamani, mnanyweshwa chai hapa. Besiboli ya Marekani ina tovuti zinazoorodhesha kila mchezaji, mpaka wa ligi ndogo, na mahali alikozaliwa. Nimepekua Tanzania: hola. Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, waliposajiliwa na Dodgers 2022, na hao walianzia chini kabisa, habari zilitapakaa. Leo Mtanzania afike Triple-A, halafu vijana wa Azania wanaocheza besiboli pale Dar wasimjue? Na mtu aliyekulia Texas anaandika "hayana habari" kama mimi wa Sinza?

Mwana_Jangwani:
Chai ya tangawizi. Nafuata maandazi.

Mashoto_wa_Texas:
Nimeandika "havina habari". Kiswahili ndicho tulicholelewa nacho, mama hakuruhusu Kiingereza mezani. Nilizaliwa Nairobi, baba alikuwa kazini huko. Jina silitaji. Nikilitaja, Mexico watasoma habari za kiwiko kabla sijatua.

Mpekuzi_Namba1:
Sasa ni Nairobi. Kesho Bujumbura.

Karani_wa_Fidia:
Iwe chai iwe uji, kuna kijana mwingine atausoma uzi huu akiwa na shida hiyo hiyo. Nafanya kazi ofisi ya mawakili hapa Ohio, kesi za watu walioumia kazini.

Mashoto, jeraha la kazini hulipiwa na bima ya mwajiri. Majimbo yanatofautiana kuhusu wanamichezo, na kila jimbo lina muda wake wa kutoa taarifa, ukipita, umekwisha. Fomu uliyosaini inakuumiza, lakini si lazima iwe mwisho wa kesi. Kitakachokumaliza ni Mexico. Ukirusha mpira mmoja kule, watasema ndiko ulikoumia. Tangu 2022 ninyi wa ligi ndogo mmo ndani ya chama cha wachezaji wa Ligi Kuu. Hao ndio waliosaini mkataba wa 2023 uliofikisha mshahara wa chini wa Triple-A dola 35,800 kwa mwaka. Wapigie leo. Wakala wako anakula kwenye mkataba wa Mexico, usimuulize yeye.

Mashoto_wa_Texas:
Tiketi ni ya Jumamosi na hairudishwi. Mke wangu anajifungua Oktoba. Mexico wanalipa kila mwezi, kesi inalipa lini?

Dada_Nesi_Minnesota:
Na mimba nayo unaitoa leo? Mkeo anajua kuhusu vidole?

Mashoto_wa_Texas:
Hajui. Anadhani ni uchovu.

Nimepiga simu kwa chama. Wanataka siku ya kwanza niliyosikia maumivu, na nani aliona. Mtu wa tiba wa timu aliona. Alinifunga kiwiko mara nyingi tu, akasema tusiandike popote ili nisipoteze nafasi.

Karani_wa_Fidia:
Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo! Mwajiri alijua. Andika sasa hivi: tarehe, mechi, uwanja gani, nani alikuwa chumbani, ujumbe wowote wa simu kati yako na yeye. Usifute kitu. Usimpigie kumuonya.

Babu_Kimara:
Na mkeo aambiwe leo, kabla ya wakili.

Mashoto_wa_Texas:
Ujumbe ninao, wa tangu Agosti. Namwamsha mke wangu. Ya Jumamosi sijaamua.