Kijana aliye kwenye utafiti tangu utotoni akitimiza miaka 18: aulizwe upya kama anaridhia, au sahihi ya mzazi inatosha?

Mleta mada (maadili ya utafiti, Kampala): Utafiti wa Entebbe, wa kufuatilia mama na watoto wao, uliandikisha wajawazito 2,507 kati ya 2003 na 2005. Watoto wao walianza kutimiza miaka 18 mwaka 2021. Kwa tafiti za namna hii mzazi ndiye hutia sahihi, na mwongozo wa UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda) unataka mtoto wa miaka 8 na zaidi naye aulizwe. Akishakuwa mtu mzima, mimi nasema aulizwe upya, ana kwa ana, kabla ya kutolewa damu tena.

Mtakwimu, Masaka: Ndugu, tazama hesabu. Ukipoteza 20% ya washiriki kila awamu ya ufuatiliaji, baada ya awamu tano umebaki na 33%. Na hawapotei ovyo: ni binti aliyeolewa wilaya nyingine, ni kijana aliyeacha shule akaenda kuendesha boda Kampala. Wakikosekana hao, mimba za mapema na VVU vitaonekana vichache kuliko vilivyo. Fomu mpya itatuongezea pengo. Asiyekataa ahesabiwe bado yumo.

Mratibu wa nyanjani, Iganga: Hapana, kukaa kimya si kuridhia. Kinachotupotezea vijana ni daftari la mawasiliano. Namba ya baba peke yake haifai, laini hubadilishwa. Andika watu watatu wasioishi nyumba moja, mmoja awe wa upande wa mama. Ongeza jina la utani, shule na darasa, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Piga simu kila baada ya miezi minne. Wa bweni mpangie likizo. Ukimfuata katikati ya muhula humpati.

Mazungumzo yaanze akiwa na miaka 17, bila mzazi kuwepo, maana mbele ya baba wengi watasema ndiyo tu. Fomu itenge mambo matatu: kufuatiliwa, sampuli zilizohifadhiwa, na kuwapa watafiti wengine takwimu. Akubali moja, akatae jingine. Na binti wa miaka 16 mwenye mtoto asingojeshwe hadi 18: mwongozo unamruhusu kuridhia mwenyewe.

Mtakwimu: Kuhusu daftari umenishawishi. Lakini akikataa, majibu ya miaka kumi yafutwe?

Mleta mada: Yaliyokwisha kuchambuliwa hayarudi nyuma. Damu iliyo kwenye friza ndiyo inayoweza kuharibiwa, mradi orodha inayounganisha jina na namba ya chupa bado ipo. Miradi mingine huifuta mapema ikidai inalinda siri. Kijana akija kukataa, hakuna anayeweza kuitambua chupa yake. Kwa hiyo orodha ifungiwe, funguo ziwe kwa watu wawili, na isifutwe kabla wa mwisho hajaulizwa.