Nyumba ya kupanga Upanga, ndani ya geti

Wadau habari za leo, naanza kazi Muhimbili mwezi ujao, gari sina na foleni za Mbagala zimenichosha, nataka apatimenti ya vyumba viwili Upanga yenye geti na mlinzi ili niende kazini kwa miguu. Dalali anataka kodi ya miezi 6 na yake ya mwezi mmoja juu, ni sawa kweli?

Jibu: Kodi ya miezi 6 ndio kawaida mjini ndugu yangu, na ya dalali mwezi mmoja pia, ila usimpe hata mia kabla hujaonana na mwenye nyumba au hujaona mkataba. Uliza luku, yaani mita ya umeme, ni yako peke yako au mnachangia. Mimi nilikaa ghorofa ya nne mita moja watu watatu, mwenzetu anawasha eisii usiku kucha, asubuhi tunachangishana sawa, nilihama.

Jibu: Hongera kwa kazi dada. Nenda ukaangalie usiku pia, saa mbili hivi, tembea mwenyewe kutoka getini mpaka hospitali uone taa za barabarani na wapi maji yanatuama mvua ikinyesha. Halafu fungua bomba la jikoni ghorofa ya juu, presha utaiona hapo hapo.

Muulizaji: Asanteni sana, luku hata sikuiwaza! Jumamosi jioni naenda na kaka yangu.