Bunduki ya risasi moja: Ruger No. 1 au Handi-Rifle, ipi inakusanya risasi vizuri?

Mwindaji_Taratibu: Wakuu, nalinganisha Ruger No. 1, ile ambayo ukivuta wenzo chuma cha nyuma kinashuka, na H&R Handi-Rifle inayokunjika kwenye bawaba. Ipi inalenga vizuri mita 100, na zikitawanya risasi dawa ni nini?

Fundi_Mtutu: Mkuu, zote mbili mchawi wao ni mbao ya mbele, ile iliyo chini ya mtutu. Kwenye No. 1 haifungwi kwenye mtutu bali kwenye mkono wa chuma unaotoka kwenye mwili wa bunduki, na mkono huohuo unabeba springi ya nyundo. Mbao ikivimba kwa unyevu inausukuma mtutu, risasi zinahama. Pitisha karatasi kati yake na mtutu. Inapokwama, piga msasa kidogo kidogo, kisha paka vanishi sehemu iliyobaki mbichi. Bado zinatawanyika? Fundi atoboe ncha ya ule mkono na kuweka skrubu ndogo inayoukandamiza mtutu. Zungusha robo, piga tatu, pima.

Nyati_Mzee: Msasa baadaye, ndugu. Kwanza kagua skrubu za darubini. Zikilegea utaiharibu mbao bure.
Handi-Rifle mbao yake inashikwa na skrubu moja chini ya mtutu. Leo ukikaza sana, kesho kidogo, risasi hazitulii mahali pamoja. Weka pete ya mpira kwenye kituo cha skrubu, yaani kinundu cha chini ya mtutu skrubu inapoingia, ili mbao isiulalie mtutu, na ukaze kwa kiasi kilekile kila mara. Lachi, yaani komeo linalofunga bunduki isikunjuke, na kikalio chake vifutwe vikauke kabisa. Mafuta pale yanaweza kuifanya bunduki ifunguke inapofyatuka.

Shabaha_Safi: Mnasahau joto. Mtutu mwembamba ukipata moto risasi zinaanza kutembea, kwa hiyo kupima tano mfululizo hakukuambii kitu. Piga tatu, fungua, subiri mtutu upoe kabisa. Porini inayohesabika ni ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Mfuko wa mchanga ukae chini ya mbao, karibu na mwili wa bunduki, kamwe si chini ya mtutu.

Fundi_Mtutu: Kweli, darubini kwanza. Mkuu, kama hupendi kuchokonoa, chukua Handi-Rifle: pete ya mpira ni kazi ya dakika tano. No. 1 inataka subira, ila kifyatulio chake chepesi kinasaidia sana. Matundu matatu ndani ya milimita 29 kwa mita 100 ni dakika moja ya pembe, kipimo cha mtawanyiko wa risasi. Ukifika hapo, acha skrubu zipumzike.