Kitufe cha pawa kwenye GNOME (desktopu ya Linux): unahariri logind.conf, hakuna kinachobadilika!

Wakuu, hili linakera. Watengenezaji wa laptopu wamehamishia kitufe cha pawa kwenye kibodi, jirani kabisa na Delete. Kidole kikiteleza tu, mashine imelala. Ukiuliza dawa unaambiwa weka `HandlePowerKey=ignore` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`, faili la mipangilio ya logind, huduma ya mfumo inayoshughulikia vitufe vya pawa. Unaweka, unabonyeza, inalala vilevile!

Sababu hawaisemi. GNOME ikiwa inaendeshwa hushika kufuli (ombi la kuzuia logind isikiguse kitufe) iitwayo `handle-power-key`, na logind ikiiona inakaa pembeni. Andika `systemd-inhibit --list` uione mwenyewe. Na wale wanaoshauri `PowerKeyIgnoreInhibited=yes` hawajasoma mwongozo: hiyo inahusu kufuli za sleep, shutdown na wenzake. Hii ya kitufe huheshimiwa siku zote.

Kinachotibu ni hiki, tena bila sudo (ruhusa za msimamizi):

`gsettings set org.gnome.settings-daemon.plugins.power power-button-action 'nothing'`

Ila logind usiitupe. Ukihamia konsoli (skrini ya maandishi matupu) kwa Ctrl+Alt+F3, kufuli ya GNOME huenda isihesabiwe tena, na logind isipoelekezwa vingine huzima mashine kabisa. Tengeneza `/etc/systemd/logind.conf.d/10-kitufe.conf`:

`[Login]`
`HandlePowerKey=ignore`

Ukisahau `[Login]`, mstari wa pili unapuuzwa, na onyo linaandikwa kwenye journal (kumbukumbu za mfumo) ambako nani anachungulia? Kisha `sudo systemctl kill -s HUP systemd-logind`, ili logind isome mipangilio upya. Usiirestati huduma hiyo ukiwa ndani ya desktopu, unaweza kutupwa nje na kazi ambayo hujaihifadhi.

Kitufe kimoja, mipangilio miwili, na hakuna hata mmoja unaoutaja mwenzake! Halafu skrini ya kuingilia bado inalala kama kawaida. Msituambie "chanzo huria, rekebisha mwenyewe".

Jibu: Mkuu, GDM (programu ya skrini ya kuingilia) ni mtumiaji mwingine, gsettings zako haizisomi. Kwenye Fedora hakikisha `/etc/dconf/profile/gdm` ina mstari `system-db:gdm`, kisha ndani ya `/etc/dconf/db/gdm.d/10-kitufe` weka:

`[org/gnome/settings-daemon/plugins/power]`
`power-button-action='nothing'`

Malizia na `sudo dconf update`, uwashe upya. Kushikilia kitufe sekunde kadhaa mpaka umeme ukatike ni kazi ya fimwea (programu ya ndani ya mashine yenyewe), hapo usimlaumu GNOME wala logind.