Visu vya mashine ya kukatia nyasi: nivitie kwenye nitrojeni ya mtungi wa mbegu?

fundi_njoro
Wakuu, nachonga visu vya mashine za kukatia nepia na mabua hapa Njoro. Chuma ni springi kuukuu za lori. Napasha kwa makaa hadi wekundu unaoelekea rangi ya chungwa, nazamisha kwenye oili chafu ya injini, nanoa, nafunga. Shida: mabua yakiingia na kijiwe, makali yanamegeka. Juzi daktari wa ng'ombe alifungua mtungi wake wa mbegu za fahali, akaniambia mle ndani ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Nasikia viwandani huzamisha visu na keekee kwenye baridi kama hiyo vikadumu. Nimwombe anizamishie viwili vitatu?

mkerezaji_kisumu
Ndugu yangu, ulichosikia ni kweli, ila si kwa kisu chako.

Chuma kikizamishwa kikiwa chekundu hugeuka martensaiti, ndiyo ile hali ngumu. Sasa vyuma vyenye kaboni na kromu nyingi, kama D2, havimalizi kugeuka kwenye joto la kawaida. Hubaki na austenaiti ndani, yaani ile hali ya chuma kabla ya kugeuka, nayo ni laini, na haigeuki hadi ushuke chini ya sifuri. Ndiyo maana huvipoza polepole visipasuke, wakaviacha huko saa nyingi, kisha wakavipasha tena. Hapo chembechembe za kabaidi, yaani kaboni iliyoungana na metali ikawa ngumu sana, hujitokeza na chuma hakiliki upesi. Na si rangi ya juu hiyo. Imeingia hadi kiini, unoe utakavyo.

Springi ya lori ina kaboni kama asilimia 0.6. Austenaiti inayobaki ni kidogo mno, baridi itageuza nini? Tena hujataja popote kwamba unakipasha mara ya pili. Kisu kilichotoka kwenye oili kikaenda moja kwa moja kazini lazima kimegeke, na baridi haitakiondolea ukavu huo. Kisugue king'ae, kipashe taratibu hadi rangi ya mabua ya ngano iliyokauka, ambayo nyinyi wa Njoro hamhitaji kuelezwa. Ni kama nyuzi 220 hadi 230. Ikifika samawati umelainisha kupita kiasi. Ukipata oveni, iamini kuliko macho.

Mimi baridi naitumia kuingiza bushi, yale mabomba mafupi ya kukalia shafti. Bushi ya brasi ya milimita 60 ikilala kwenye barafu kavu (kaboni dioksidi iliyoganda) hunywea karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Inaingia bila nyundo, na ikishapata joto la warsha haitoki.

daktari_molo
Mimi ni mmoja wa wabeba mitungi hiyo. Tafadhali msituletee vyuma! Kilo moja ya chuma ikitoka kwenye joto la kawaida huchemsha karibu nusu lita ya nitrojeni. Mtungi ukipungua mbegu zinakufa na huoni chochote kwa macho. Mkulima anakuja kujua wiki 3 baadaye ng'ombe akirudia joto, na simu ya kwanza ni kwangu. Halafu lita moja ikiwa mvuke ni karibu lita 700 za gesi isiyo na harufu. Kwenye kibanda kilichofungwa mtu anaanguka bila kujua kilichompata.

fundi_njoro
Daktari nimekusikia, mtungi siugusi. Mkerezaji, jirani ana oveni ya keki inayofika nyuzi 250, atanipa usiku akishafunga. Nikiache muda gani? Na ugumu nitaupimaje bila mashine?

mkerezaji_kisumu
Muda wa saa 2, kipoe kabisa, kisha saa 2 tena. Ugumu pima kwa tupa kabla ya oveni: ikiteleza bila kuuma, kuzamisha kwenye oili kulishika. Ikiuma, rudi kwenye makaa, oveni haitakusaidia kitu. Na hiyo oili ipashe kidogo kwanza, hadi iwe ya moto mkononi. Asubuhi za huko kwenu inakuwa nzito, haipozi chuma haraka inavyotakiwa.